Taa ya Kushoto

Nakumbuka mchana mmoja wa Julai, mwanangu, ukungu ulishuka mpaka kuku wakarudi bandani wakidhani jua limezama. Wewe ulikuwa bado tumboni. Tulikuwa kwa wazazi wa mama yako, kijiji cha kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako. Presha ya mama yako ilikuwa inapanda, na kesho yake babu yako angetupeleka hospitali ya Ilembula, ambako mama yako alikuwa anahudhuria kliniki.

Pikapu ya babu yako ilikuwa nzima, ila taa zake za mbele ziligeuka njano kama chai ya rangi. Ukiziwasha, zinamulika kama mtu anayesinzia. Mimi ni seremala. Nikajiambia nimfurahishe mkwe wangu kabla ya safari. Kumuuliza niliona haya. Nikachukua msasa wa mbao, mkavu, nikasugua taa ya kulia. Njano ilitoka, mwanangu, lakini na mwanga ulitoka nayo. Kioo kikawa cheupe, mikwaruzo mitupu, kama jicho la mbuzi mzee.

Nimesimama pale na msasa mkononi, nikasikia mama yako analia ndani. Uchungu umeanza, na siku zake bado.

Niliwaza ile barabara, na malori ya magogo, na ukungu ule.

Babu yako alitoka na funguo. Akaiona taa.

"Nani kafanya hivi?"

Nilijibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Nimekuuliza wewe, sikuuliza upepo."

"Ni mimi, baba."

"Kwa msasa wa mbao? Hii ni plastiki, mkwe wangu, si mlango wa kanisa."

Hakugomba zaidi, na hilo ndilo lililonitisha. Alinituma maji ya sabuni na dawa ya meno. Kwenye sanduku la vifaa akatoa kipande cha msasa wa maji, ule mwororo.

"Wanawake bado wanafunga vitenge na beseni," alisema. "Muda uliopo ni wa taa moja. Tunafanya ya kushoto, ndiyo inayomulika ukingo. Asiyeuona ukingo analala korongoni."

Alinifundisha. Lowesha kioo, lowesha msasa, sugua kwa kwenda upande mmoja, usikandamize. Maji yalishuka ya njano kama usaha. Yalipoanza kushuka meupe, tukafuta, tukapaka dawa ya meno, tukasugua kwa kitambaa cha pamba mpaka kioo kikaanza kuonyesha balbu ndani. Hakikuwa kipya. Kilikuwa kinaona.

Tukaondoka. Mama yako na bibi yako kiti cha nyuma, mimi mbele kushoto.

"Fungua dirisha, toa kichwa," babu yako akasema. "Macho yangu ni ya uzee. Unachokiona, niambie. Usininong'oneze."

Tulitambaa. Nilisema, "Ukingo upo, baba." Akasema, "Nini?" Nikarudia. Nyuma mama yako alikuwa akihema, kisha ananyamaza, na nilikuwa nauogopa ukimya wake kuliko kilio.

Ndipo nikaona tawi la mkaratusi limelala barabarani. Unajua huku kwetu dereva akiharibikiwa hukata matawi akayatandika nyuma ya gari. Nilijua. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Niliwaza, huenda ni upepo tu umeliangusha. Nitamshtua mgonjwa bure, nionekane mjinga mara ya pili siku moja. Likapita tawi la pili. Kwenye la tatu kitu kilinipasuka kifuani.

"Simama, baba! Lori! Simama!"

Gari liliserereka, likasimama. Magogo ya msindano yalikuwa yametokeza mbele ya kioo chetu. Ningenyoosha mkono ningeyagusa.

Kisha mama yako, katikati ya uchungu wake, akasema, "Kumbe una sauti! Siku ya ndoa padri alikuuliza mara mbili."

"Mficha uchi hazai," bibi yako akamjibu, akacheka huku analia.

Babu yako hakucheka. "Tawi la kwanza uliliona?"

"Nililiona, baba."

"Mbona umenyamaza mpaka la tatu?"

"Niliona haya, baba."

"Haya zako zingetuzika wanne, na huyo wa tano ambaye hata jina hana."

Kutoka pale nilipiga kelele mpaka Makambako, kila shimo, kila mtu, kila mbuzi. Huko ukungu ukaachia. Jioni ile ulizaliwa Ilembula, na sauti yako haikuwa ya haya hata kidogo.

Taa ya kulia niliitengeneza baadaye mwenyewe, nikimuuliza babu yako kila hatua. Tulipomaliza, tukapaka zote mbili vanishi ya magari isiyo na rangi, maana kioo kilichosuguliwa kikiachwa uchi, jua hukirudisha kwenye njano yake.

Mwanangu, umechukua upole wangu, nauona, na ninauogopa. Upole si dhambi. Lakini usiguse cha mtu mzima kabla hujauliza. Kuuliza si ujinga. Ukiharibu, sema, "Ni mimi," maana huenda muda wa kuokoa taa moja bado upo. Na ukiona hatari, usingoje uwe na hakika. Heri uchekwe na watu kwa kelele ya bure kuliko wakulilie kwa kunyamaza.

Mungu akuangazie ukingo wa njia yako. Akupe macho ya kuliona tawi la kwanza, na sauti ya kulitaja papo hapo. Amina.