Chuma mu Kinywa ya Mujukuu Wangu

Majina yao yote ninayo kichwani mpaka leo: ya munganga wa meno, ya mukamwana wangu, mpaka ya yule kijana wa ku bariere, kizuizi cha njiani. Sitayaandika. Sitaki baseme mimi koko, bibi muzee, nimebapatia heshima.

Ni mukamwana ndiye alileta mambo ya aparei. Mujukuu wangu, binti yake, alikuwa na meno ya mbele yaliyopandana, na ku masomo batoto balimuita panya. Mukamwana akasikia kama Beni kuko munganga anayefunga nyaya ku meno na kuyanyoosha polepole. Nikamuambia batu banakimbia vita na magodoro ku kichwa, yeye anatafuta meno ya kunyooka. Akanijibu kama vita itaisha na mutoto atabakia na meno ile ile.

Basi bakamufunga. Hakuna mutu alitueleza kitakachofuata. Siku za kwanza mutoto alishindwa kutafuna hata ndizi ya kuiva. Bukari, ugali wetu, nilimulegezea na supu ya maharagwe, muwa na mahindi ya kuchoma bakamukataza. Nyaya zikamukwaruza mashavu kwa ndani mpaka vidonda, tukapaka nta ya mushumaa ku vyuma. Sombe, majani ya muhogo, ilinasa mule, anaitoa na kijiti huku analia. Kisha ndipo tukasikia kama kila mwezi anapaswa kurudi Beni bakaze tena, na kila bakikaza maumivu yanaanza upya. Hiyo munganga hakuisema mbele.

Na njia ya kutoka kwetu Butembo kwenda Beni inapita Kalunguta.

Pale vijana ba musituni balikuwa bametega kamba njiani. Tukashuka ku camion, lori lililotubeba, sisi bote. Bale vijana balinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi isibaguse, na dawa ilikuwa na sheria zake: usiibe, usile chakula fulani, usiguse mwanamuke mwenye kuwa mu siku zake. Mumoja akamuuliza mujukuu wangu tunaenda wapi. Mutoto akajibu, na jua ikaangaza ku vile vyuma.

Kijana akaruka nyuma. Akasema hiki ni chuma cha adui, kitaharibu maji yao, kitoke hapa hapa. Akamuomba shofere pense, koleo ya kutengenezea gari. Shofere, mutu muzima mwenye batoto, akaenda kuitafuta. Jina lake nalo ninalo.

Mutoto akafunika kinywa na mikono miwili. Nikaona wazi: bakivuta nyaya, meno itakuja nayo.

"Mushike basi," nikamuambia yule kijana. "Iko mu damu yake ya mwezi. Ukimugusa tu, maji yako imekwisha, na risasi ya kwanza ni yako."

Haikuwa kweli. Lakini ile sheria yao kila mama wa Butembo aliijua. Mukono wake ukabakia hewani na pense.

"Gusa, yaya, mukubwa wetu," wenzake bakamuchekelea. "Sisi tutakuzika."

Akatufukuza tupande haraka, tupite mbali naye.

Nilidhani mutoto atanishukuru. Mu ile camion mulikuwa vijana ba masomo yake, na balisikia yote. Akahama, akaketi mbali na mimi mpaka Beni.

Munganga akatugombeza kwa sababu tulichelewa, mwezi ulikwisha kupita, eti meno imeanza kurudi nyuma. Nikamuambia aondoe vile vyuma vyote leo hii, kwani mutoto hatapita tena mbele ya pense. Akachukua vyombo vyake. Mujukuu akafunga kinywa, kisha akanigeukia.

"Koko, ni meno yangu. Umenipatia haya mbele ya batu bote. Sasa hata kinywa unataka kunifungulia?"

Munganga akacheka. Nikamuchukia kuliko yule wa bariere. Yule angalau aliogopa kitu.

Mutoto akabakia Beni kwa shangazi yake, akazwe kule kule bila kupita njia. Mimi nikarudi peke yangu. Mukamwana akatoka ku mulango, akaangalia nyuma yangu, akauliza mutoto iko wapi.

"Iko na meno yake," nikamuambia. "Umufuate. Na ukifika Kalunguta, ufunge kinywa yako."