Bochaberi atafuta sahani isiyo na ugali

Saa saba na robo mchana, Bochaberi Mogire amesimama kwenye mlango wa hoteli ya mabati nyuma ya soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Ngata ya kubebea ndizi bado iko mkononi. Haingii. Anatazama chini kwenye kizingiti, kisha sahani za waliokaa, kisha sufuria zilizo motoni.

"Karibu mama. Kuna ugali mboga, ugali omena, ugali nyama, ugali matumbo," mhudumu anataja bila kuvuta pumzi.

"Na bila ugali?"

Mhudumu anageuka kumtazama vizuri. "Bila ugali ndiyo nini sasa?"

Hii ni hoteli ya nne tangu Jumapili, na leo ni Jumatano. Bochaberi, mjane wa miaka arobaini na tisa, anatafuta mahali ambapo wanawake watano wanaweza kula chakula cha mchana pamoja, kwa bei wanayoiweza, na mmoja wao asile kitakachommaliza.

Huyo mmoja ni Jemimah, rafiki yake kwa miaka kumi na moja sasa. Amekatwa vidole viwili vya mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na Jumatatu anarudi sokoni.

Wote watano ni vibarua wa ndizi. Lori linapofika kutoka Nyamira au Keroka, wao huipakua mikungu na kuibeba kichwani hadi kwa wachuuzi. Mkungu mmoja ni shilingi kumi. Siku ikiwa njema Bochaberi hupata mia nne. Mvua ikinyesha, mia moja na hamsini, akiwa na bahati.

Jambo moja ambalo hawajawahi kulivunja ni kula pamoja. Aliyepata na asiyepata huketi benchi moja, na asiyepata hulipiwa. Kwa miaka yote hiyo wamekula kwa Machogu, mzee mwenye hoteli mkabala na malori. Sahani ya ugali na sukuma ni shilingi sabini, na ugali huongezwa bure mpaka utikise kichwa.

"Ugali wa Machogu ndio ulinisomeshea watoto," anasema Bochaberi. "Ukishiba mchana, jioni unakunywa chai tu unalala. Pesa inabaki."

Jemimah aliambiwa ana sukari mwaka jana. Wenzake walimshika mkono mara moja, ila kwa namna walivyoelewa wao.

"Sisi tulijua sukari ni ile ya kijiko. Akaacha chai ya sukari, akaacha soda, mandazi akaacha. Tukasema sasa yuko salama."

Vibarua wa ndizi wana haki moja ambayo haijaandikwa popote: ndizi zinazokatika kwenye mkungu wakati wa kupakua ni zao. Bochaberi aliamua kumpa Jemimah fungu lake pamoja na la Jemimah mwenyewe. Ndizi mbichi haina utamu, aliwaza, kwa hiyo haina sukari. Alikuwa akizichemsha kwenye jiko la Machogu na kumwekea juu ya ugali. Alifanya hivyo kwa miezi saba.

"Nilikuwa namwambia, kula dada, hii haina neno. Anashukuru Mungu, anakula." Bochaberi anautazama mkono wake wa kulia. "Nilimlisha mimi. Kwa mkono huu."

Kidonda kilianza kwenye kidole kidogo, pale kiatu cha mpira kinapobana. Jemimah hakusikia maumivu. Alipokuja kuivua soksi, harufu ilimtangulia.

Baada ya vidole kukatwa, muuguzi aliwauliza mgonjwa anakula nini. Bochaberi ndiye aliyejibu, tena kwa fahari.

"Nikamwambia, sista, huyu tunamtunza. Kila siku tunampa ndizi ya kuchemsha. Yule msichana akaweka kalamu chini. Nikajua nimesema neno baya, lakini sikujua ni lipi."

Muuguzi aliwaeleza polepole kwamba ndizi, ugali, viazi na wali vyote hugeuka sukari vikiisha kuliwa. Akachora sahani kwenye karatasi: mboga za majani zijae nusu, samaki au yai pembeni, na ugali, kama ni lazima, usizidi ngumi ya mtoto. Karatasi hiyo Bochaberi ameikunja ndani ya Biblia yake.

"Hiyo ngumi ya mtoto niliiondoa kabisa," anasema. "Naujua mwiko wa Machogu. Hauna kidogo."

Kumwambia Jemimah abebe chakula chake kutoka nyumbani lilikuwa jambo rahisi, na walilijaribu. Alikataa akiwa bado kitandani. "Nikianza kula changu pembeni, kesho hata salamu nitapewa pembeni," aliwaambia. Bochaberi anajua pia kwamba Jemimah akiachwa peke yake hatakula chochote.

Kwa hiyo Jumapili alianzia kwa Machogu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa huruma.

"Mama Josiah, mboga ni ya kusindikiza ugali. Haiwezi kusafiri peke yake. Nikianza kumpikia kila mtu ugonjwa wake, hii si hoteli tena, ni wadi."

Hoteli ya pili, ya vioo, iliyo kando ya barabara kuu, ina kuku na saladi, na sahani ni mia tatu na hamsini. Ya tatu, karibu na steji ya matatu, ilikubali kila kitu kwa shilingi sabini. Bochaberi alishukuru, akatoka, hakurudi.

Sasa, kwenye hii ya nne, mwenyewe anatoka jikoni akijifuta mikono. Wanamwita Mama Haron.

"Ni sukari?" anauliza.

"Ni sukari."

"Yako?"

"Ya mwenzangu."

Mume wake, Mama Haron anasema, alianza kwa vidole pia. Halafu anataja bei. "Themanini. Mboga ya chinsaga ya kujaa, samaki wa omena juu. Ugali nitaweka, asiyekula ni shauri yake. Lakini nyongeza hapa hakuna. Na muwe watano kila siku, msinipikishe bure."

Alhamisi, Bochaberi analipeleka neno hilo kwa wenzake. Wawili wanaitikia kwa kichwa. Lavender, aliye mdogo kuliko wote, haitikii.

"Themanini, na hakuna nyongeza? Na ile ya karibu na steji, si ni sabini?"

"Ile haifai."

"Haifai nini?"

"Haifai, Lavender."

Lavender anautoa mkebe wa plastiki kwenye kikapu chake na kuuweka katikati yao. Kila mtu anaujua. Ugali wa nyongeza wa Machogu huingia humo, na jioni watoto wake wawili huula.

"Nampenda Jemimah," anasema. "Lakini mniambie, hawa nitawaambia nini?"

Bochaberi anasema alilipeleka swali hilo kwa Mungu, na Sabato yote lilikaa naye kanisani, hata mahubiri hakuyasikia sawasawa.

Jumatatu saa saba, Jemimah anafika kwa Mama Haron akiegemea fimbo, mguu ukiwa ndani ya ndara iliyopasuliwa ili kupisha bendeji. Wanamfanyia nafasi kwenye benchi. Bochaberi anaomba baraka juu ya chakula. Kisha anaukata ugali wa Jemimah wote na kuutia ndani ya mkebe wa Lavender. Anauchukua na wake mwenyewe, anautia humo humo.

Jemimah anamwangalia. "Na wewe umepatwa?"

"Bado. Nimeuchoka tu."

"Wewe uuchoke ugali? Mgusii?"

"Kula, chinsaga inapoa."

"Nyinyi abang'ina, wazee wawili," Lavender anasema, "kesho mtafungwa kamba mlishwe kando ya barabara na mbuzi." Wote wanacheka, Jemimah zaidi ya wote. Bila kuambiwa, Lavender anachota omena kutoka sahani yake na kuiweka kwenye ya Jemimah, kisha kijiko kingine kwenye ya Bochaberi.

Saa tisa, katikati ya njia, Bochaberi anautua mkungu chini ili apumzike, jambo ambalo wachuuzi wanasema hawajawahi kumwona akilifanya. Siku hiyo anapata mia mbili na thelathini.

"Mwili utazoea," anasema. "Usipozoea, nitazoea mimi."

Kidonda cha Jemimah hakijafunga. Ijumaa ya wiki ijayo daktari ataamua kama mguu utabaki. Bochaberi ataacha kazi siku hiyo aende naye. Amezungumza pia na mkulima mmoja wa Masimba amletee gunia la parachichi, ili Jemimah awe anauza akiwa ameketi. Mtaji ni shilingi elfu moja na mia mbili, na watano hao wamekwisha kupata nusu.

Anapoulizwa kwa nini aliikataa ile hoteli ya steji iliyokuwa nafuu, Bochaberi anageuka nyuma. Anatazama kwanza kama Jemimah yuko karibu. Yuko mbali, kwenye kivuli cha lori, anapanga chane za ndizi ambazo hatazila.

"Ile ina ngazi tatu," anasema kwa sauti ya chini. "Kwa Mama Haron mlango uko sawa na ardhi. Wakimkata mguu, ataingia."

Anaiweka ngata kichwani, anainama, wenzake wanamtwika.

"Yeye hajui kwamba nilitazama hilo. Msimwambie."