Mifupa ya Sifongo

Asubuhi ile nilitoka nyumbani bila kumuaga mtu. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu, wa kushoto ndala, kwa sababu ulikuwa umevimba. Kwenye njia panda nilikuta lori tupu linakwenda Lukafu kuchukua mahindi. Dereva akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia kwa mtu yeyote. Akacheka, akanionyesha nyuma nipande.

Kidonda kilikuwa na majuma sita. Bati lilinikata juu ya kifundo nikibeba mizigo sokoni, nami nikafanya kama tunavyofanya wengi Lubumbashi: nilinunua vidonge vya rangi mbili kwa mchuuzi, nikameza vitatu, vilivyobaki nikavipasua na kumwaga unga wake juu ya jeraha. Likakauka juu. Chini likaendelea na kazi yake. Muuguzi mmoja aliniambia nirudi kwake siku kumi mfululizo, la sivyo ugonjwa ungefika mfupani na mguu ungekatwa. Nilirudi mara mbili. Siku ya tatu nilikuwa Kinsevere, nikitazama malori ya mgodi yakipita. Sijui kukaa. Hata shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu dirisha letu lilitazama reli.

Kisha nikasikia redio kwa kinyozi. Walisema baharini kuna mnyama aitwaye sifongo. Hana miguu wala meno. Amejishikiza mwambani maisha yake yote, akichuja maji yaliyojaa vijidudu, na kwa kuwa hawezi kukimbia, mwilini mwake mna dawa za kujikinga. Nyingine zinatengenezwa na vijidudu rafiki wanaoishi ndani yake. Wataalamu wanazichunguza, maana baadhi zimeua vijidudu ambao vidonge vyetu vimeshindwa kuwaua. Kinyozi akabadilisha stesheni kutafuta mpira. Mimi nikatoka na nusu ya kichwa haijanyolewa.

Nilijua pa kwenda. Jirani yetu, fundi cherehani ambaye babu yake alitoka pwani, alikuwa na sifongo ya kweli katika bakuli. Aliilowesha na kuipitisha juu ya suruali kabla ya kupiga pasi.

"Papa, unipatie kipande."

"Ya kufanya nini? Weye uko na suruali ngapi?"

"Ya muguu."

Akanitazama kichwani. "Anza na kichwa. Kichwa ndiyo kinagonjwa."

Lakini alichukua mkasi. Akikata, alinieleza aliyoyasikia kwa babu yake: wazamiaji waliiacha ioze mpaka nyama yote itoke, wakaiosha na kuiosha tena, ndipo ikawa laini hivi. Nilisikia, sikusikiliza.

Nilikifunga kile kipande kidondani siku nne. Siku ya tano nikapanda lori. Kila shimo la barabara lilipanda mpaka gotini. Nilijiambia nikifika mahali papya maumivu yatabaki nyuma. Huwa najiambia hivyo.

Tulifika Lukafu mchana. Dereva alinishusha kwa mjane mmoja, muuguzi mstaafu, anayepangisha chumba kando ya shamba lake la muhogo. Aliuona mguu kabla ya uso wangu.

"Fungua."

Nikafungua.

"Hii iko kintu gani?"

"Sifongo, mama. Iko na dawa ya kuua mikrobi. Balisema ku radio."

Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza juani. "Nyama yake iko wapi?"

Hapo maneno ya fundi yakanirudia, na sauti ya mkasi wake.

"Balitosha yote, mama, balitoa kabisa. Balisafisha."

"Basi na dawa balitosha pamoja na nyama. Weye umefunga mifupa tu." Hakucheka. "Chumba iko. Siku kumi. Dawa tutachukua ku dispanseri, na kila asubui utameza mbele yangu, ata ukisikia umepona. Kama utashindwa kukaa, panda mu lori sasa."

Lori lilikuwa bado linanguruma. Dereva alikuwa anaendelea mpaka mashambani. Niliitazama ile barabara. Sijawahi kuona inakofika.

"Mama, kule mbele kuna nini?"

"Mawe. Kaa chini."

Nikakaa. Akaleta beseni la maji ya chumvi, na nilipotumbukiza mguu nikasikia lori likibadilisha gia, likiondoka.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha la upande wa barabara. Nilimwomba anisaidie kukigeuza kitanda kielekee ukutani.