Mweka Hazina Asiyejua Kukataa

Kisima chetu cha mashine kiko mbali na Garissa mjini, upande wa kwenda Dadaab, na hakuna maji mengine karibu. Mchungaji hulipa kwa kila ngamia anayenywa. Mweka hazina wa kamati ya maji ndiye hushika pesa hizo, akanunua dizeli na kuweka akiba ya kutengeneza pampu. Tunampigia kura mtu huyo kwa joto zaidi kuliko tunavyompigia mbunge. Mbunge hatumwoni. Mweka hazina akizembea, mifugo inakufa.

Mara ile waligombea wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa ndugu yangu, kijana mpole. Wa pili alikuwa mkwe wangu, mjane wa mwanangu, aliyelea watoto wake kwa kuuza maziwa ya ngamia mjini. Alikuwa mgumu. Hata mimi, ambaye aliniita adeer kama ami yake, alininyima maziwa ya mkopo. "Adeer, kunywa hapa ushibe, ni bure. Ya kubeba ni ya kuuza." Aliniomba nisimame nyuma yake siku ya kura, nikamwambia nitasimama.

Kisha wazee wa ukoo tukakaa baada ya swala ya alasiri. Mkwe wangu alizaliwa ukoo mwingine, na zamu ya kiti cha hazina ilikuwa ya ukoo wetu.

"Yule mama ukimwomba shilingi," mzee mmoja akasema, "atakudai risiti ya njaa yako."

Tukacheka. Mwingine akasema, "Huyu kijana anatujua." Tukasoma Fatiha juu ya jina lake. Kwetu, jambo likishasomewa Fatiha limefungwa, na anayelifungua anajitafutia laana. Niliinua mikono yangu pamoja nao, nikijua neno nililokwisha kumpa mwanamke yule.

Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mgombea. Nyuma ya mkwe wangu walikuwa wauza maziwa na vijana wachache. Nilipita mbele yake. Muuza maziwa mmoja akasema, "Mzee, umekosea mstari. Ni macho?"

"Macho yangu mazima."

"Basi ni miguu," akasema, na watu wakacheka. Nikaenda kusimama mwisho wa mstari wa kijana. Tukashinda.

Kijana hakuwa mwizi. Nataka hilo lijulikane, maana sasa wazee wenzangu wanamwita hivyo. Hakujua kukataa, na sisi tulimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Aliyefiwa alimwendea, aliyeozesha binti alimwendea. Mimi nilimwendea nikitaka nauli ya kumpeleka mke wangu hospitali, kisha nikarudi kwa shida ambayo haikuwa hospitali wala haikuwa shida. "Nitarudisha mvua ikinyesha," nilimwambia. Akajibu, "Haya, adeer," akafungua sanduku.

Mvua haikunyesha. Pampu iliharibika kiangazi kikiwa kimekaza, wachungaji wakiwa wamejaa, wengine hata kutoka njia ya Wajir. Fundi akataka pesa ya kipuri kwanza, na sanduku halikuwa na kitu. Lori la maji lililoletwa lilikuwa la watu, si la wanyama. Ngamia wa mkwe wangu, wale wa maziwa, walilala kando ya birika kavu, na tulipojaribu kuwainua kwa kamba walitutazama tu.

Alipobaki bila hata ngamia mmoja, kaka yake alikuja na pikapu kumchukua akaishi Dadaab. Nilimkuta akifunga mikeka. Nikamwambia nitawaita wazee wamkabidhi kiti.

"Kiti cha nini, adeer? Hapa kuna hazina ya kuweka?"

"Basi niachie mtoto mmoja."

"Atakunywa nini?"

Aliingia nyumbani kwangu akambusu mke wangu mkono, akamwachia dumu la maji, fungu lake mwenyewe. Mimi aliniaga kwa salamu ile tunayompa mtu yeyote njiani. Watoto wakapanda juu ya mikeka, gari likaondoka, nami nikasimama hadi vumbi likatulia.

Nilipoingia, mke wangu aliniuliza kama wajukuu walikula kabla ya safari. Sikujua. Sikuwa nimewauliza.