Chozi wa Upande wa Pili wa Uzio

Mama alifika kwangu Lanham, Marekani, mwanzoni mwa kiangazi akitokea Lushoto, na siku ya tatu akaniomba jembe. Nilidhani anatania. Sote tunajua mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sikuwahi kumwona mgeni anayelidai mwenyewe. Nikamletea kikoleo kidogo cha mkono nilichokitumia kwenye vyungu vyangu vya mrehani. Akakigeuzageuza.

"Hiki ni cha kupakulia wali," akasema. "Jembe liko wapi?"

"Huku watu hawalimi kwa jembe, Mama."

"Nani kakuambia?"

Swali hilo ni langu. Tangu utotoni mimi ndiye niliyewauliza watu nani kawaambia: mwalimu wa Jumapili, shangazi zangu, hata daktari aliyekuja kunichoma sindano. Chuo kikuu nilikwenda kwa ajili ya swali hilo. Sikuzoea kuulizwa mimi. Kabla sijajibu, sauti ikatoka ng'ambo ya uzio.

"Shikamoo, Mama. Jembe ninalo mimi."

Jirani yangu ni Mmarekani mweusi, mwanamke aliyenizidi umri kiasi cha kuweza kuwa dada yangu mkubwa. Anafanya kazi katika ofisi za kaunti kule Upper Marlboro, ingawa siku nyingi huifanyia nyumbani. Alijifunza Kiswahili chuoni, akakaa Unguja muhula mmoja, na tangu wakati huo anakitunza Kiswahili chake kama watu wanavyotunza vyombo vya kabatini. Jembe lenyewe lilikuwa limetundikwa ukutani sebuleni kwake, kama picha ya harusi. Mama alilishusha, akalipima uzito mkononi, akagongesha mpini chini ukaze, na kabla jua halijawa kali alikuwa ameshainua matuta mawili ya maboga. Kwenye bustani ya jirani, si yangu. Alianzia pale jembe lilipokuwa, akanogewa.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenda kazini. Kazi yangu iko Sterling, kwenye majengo ya kompyuta yasiyo na madirisha, na kufika huko kutoka Lanham ni kuzunguka nusu ya Beltway, barabara kuu ya mzunguko, ukitazama taa nyekundu za magari ya mbele. Niliporudi jioni nikawakuta wote wawili wamekaa kwenye viti vya jirani, shingo wamezinyoosha, hawasemi. Nikafungua mdomo nisalimie. Mama akanyoosha kiganja kuniziba.

Kwenye chupa nyekundu ya maji ya sukari, iliyoning'inia chini ya paa la baraza, alikuwapo ndege asiyezidi kidole gumba. Mgongo wa kijani, koo likiwaka kama kaa lililopulizwa. Mabawa yake hayakuonekana kabisa. Ulisikia mvumo tu, kama wa cherehani ya mbali. Alikunywa akiwa hewani, akarudi nyuma kinyumenyume, akatuangalia, akatoweka.

"Chozi huyo!" Mama akasema, ameshika kifua.

"Si chozi, Mama. Chozi hawako Marekani. Chozi anatua kwenye ua ndipo anywe. Huyu anakunywa akielea. Hata hawana undugu, nimesoma," nikasema.

"Umemuuliza?"

Jirani akacheka hadi akapiga paja. "Kamusi yangu inasema ndege mvumaji," akasema.

"Mvumaji kwani ni ngoma?" Mama akauliza, nao wakacheka tena. Basi akawa chozi. Kuanzia hapo, asubuhi nilipokuwa nikitafuta funguo za gari, nilisikia dirishani, "Shikamoo, Mama, chozi wetu amefika!" na Mama akijibu, "Marahaba mwanangu, nakuja," kwa maana jirani hakusahau shikamoo hata siku moja, wakati mimi nilikuwa nampungia Mama mkono tu nikitoka. Ningeweza kuvumilia lile neno chozi. Ile "wetu" ndiyo iliyonichoma.

Wivu wangu niliuhoji kama ninavyohoji kila kitu. Je, si vizuri mzazi apate mwenzake wa kuzungumza naye ugenini? Ni vizuri. Je, mimi ningeweza kukaa naye asubuhi? Nisingeweza. Je, jirani ameniibia nini hasa? Hakuna. Hoja zote zilikubali, na wivu ukabaki palepale ulipokuwa. Mama alirudi jioni mikono yake ikinuka majani ya nyanya, harufu ninayoipenda kuliko marashi yoyote, nami sikuweza kuifurahia kwa sababu nyanya hizo hazikuwa zangu.

Nikanunua chupa yangu. Nikanunua na maua mekundu, yale marefu yenye midomo ya tarumbeta, nikayapanda Jumamosi nzima hadi kucha zikajaa udongo. Nakiri kwamba nililipenda lile tope baridi la asubuhi, na nyungunyungu aliyejikunja nilipomfunulia paa lake, na nyuki aliyelala ndani ya ua kama aliyezidiwa na shibe. Kwa dakika kadhaa nilisahau nilichokuwa nikishindania. Kisha nikamwomba Mama achemshe maji na sukari, vitu viwili tu, tukatundika.

Ndege alikuja siku ileile. Nilimwona kwa macho yangu. Akachovya mdomo, akarudi nyuma, akachovya tena, akavuka uzio kwenda kwa jirani.

Nikaishusha chupa, nikainusa.

"Mama, umeweka iliki?"

"Kidogo tu."

"Kwa nini?"

"Mgeni hapewi maji ya sukari matupu," akasema, akishangaa kwamba hilo nalo linahitaji kuelezwa.

Sijui kama ni iliki iliyomfukuza. Huenda alikuwa ameshiba. Huenda kofia yangu ilimtisha. Lakini kesho yake Mama alimsimulia jirani, na jirani alicheka hadi akakaa chini kwenye majani, na baada ya hapo ikatosha mmoja aseme "iliki" ili wote wawili washikane mabega. Jambo lilitokea jikoni kwangu, juu ya jiko langu, na likawa lao.

Sasa, kuna jambo moja nililolitaka kuliko ndege. Tiketi ya Mama ilikuwa ya kuondoka mwishoni mwa Agosti, na nilikuwa nimemwomba aisogeze mbele, abaki mpaka vuli, baridi inapoanza. Alinikatalia bila kuzunguka: "Hapana, mwanangu. Nina maharage yangu na nina kuku." Kisha, jioni moja nikiwa nashusha mifuko kwenye gari, jirani akainama juu ya uzio, uso umejaa furaha.

"Mdogo wangu, habari njema! Nimemwomba Mama abaki tuwaone chozi wakiondoka kwenda kusini. Amekubali!"

"Amekubali?"

"Amesema, tutaona."

Niliingia ndani nikiwa na mifuko mikononi na sikuiweka chini. Mama alikuwa kwenye meza akitoa nyuzi za majani ya maboga.

"Ulikuja kwangu au kwake?" nikauliza.

Hakuinua kichwa. "Nimekuja kwako. Nyumba yako nimeshaijua yote, mpaka droo ya betri. Mwenyewe ndiye sijamwona."

"Kwa hiyo utabaki kwa ajili yake. Nilipokuomba mimi ulikataa."

"Nani kasema nabaki?"

"Wewe. Umemwambia 'tutaona'."

Hapo akaacha majani. Akaniangalia kama mtu anayekagua noti asiyoiamini. "Yule nimsamehe, kasoma kitabuni. Wewe nawe, 'tutaona' huijui siku hizi? Mtoto wa watu kakuomba jambo kwa moyo wake, utamtupia hapana usoni? Hapana nilikupa wewe. Wewe wa kwangu."

Nikaweka mifuko chini. Niliona haya, lakini chini ya haya kulikuwa na furaha mbaya, na hiyo ndiyo niliyoihisi zaidi: kuna neno moja ambalo yule mwenye Kiswahili cha kabatini hakulielewa, na jibu la kweli lilikuja kwangu. Kwamba lilikuwa la kuninyima halikunisumbua usiku ule.

Wiki iliyofuata nikaomba siku za likizo. Asubuhi ya kwanza tulikaa ngazini kwa nyuma, mimi na Mama, vikombe magotini. Kulungu walikuwa wameyala maua yangu yote ya tarumbeta, yamebaki mashina. Hakuna ndege aliyekuja. Mama alinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiogopa vyura, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na nilikuwa nacheka kweli wakati sauti ilipotoka kwenye lango la pembeni.

"Hodi!"

Mama akanywa chai.

"Hodi jamani!"

"Mwenye nyumba ni wewe," akaninong'oneza.

Hodi tatu bila jibu, mtu mwenye adabu huondoka, na jirani yangu ana adabu kuliko mimi. Niliiacha hodi ya tatu nayo ipite.

"Karibu," nikasema.

Aliingia na mfuko wa karatasi. Alikuwa amemfumia Mama sweta la vuli, zito, rangi ya matofali. Mama alilipokea kwa mikono miwili na, katika joto lile la Julai la kuyeyusha lami, akalivaa papo hapo, akafunga vifungo mpaka shingoni, jasho likimtoka kwenye paji. Akasogea upande wangu ili jirani apate nafasi.

"Limenikaa, mwanangu," akamwambia.

Ilikuwa kweli. Lilimkaa sawasawa mabegani, mikono ikaishia pale kwenye kifundo. Mimi kila Krismasi humtumia nguo zinazompwaya.