Dawa ya Mjukuu Wangu

Ule mwaka tulikula nyama kama fisi. Ukame ulikuwa unaangusha ng'ombe huko Bisil, wenyewe wanawauza kabla hawajafa, na hapa Kitengela hata mbwa walianza kuchagua. Mwaka huo ndio mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, alianza kunywa dawa ya kuacha unga, ule wa kulevya, na yeye ananyonyesha.

Nilimsindikiza kliniki kila asubuhi na sikuelewa kitu. Sista anampimia dawa kwa kikombe, halafu anamwambia, "Ongea nione umemeza." Sawa. Lakini mwanaume mmoja Mmaasai anapewa chupa za siku kadhaa aende nazo kwa ng'ombe. Mama Msomali, mwezi wa kufunga, yeye anakuja jua likishazama. Nao wenye watoto wachanga wakafunguliwa mlango wa nyuma, wanaume wasiwachokoze kwa laini ya kungojea dawa. Nikauliza, ugonjwa si ni mmoja?

"Dawa ni moja, shosho," sista akasema. "Maisha ya watu ndiyo si moja."

"Na anyonyeshe na hiyo kitu mwilini?"

"Anyonyeshe. Kuacha dawa ghafla ndiko kubaya."

Nikarudi nyumbani kichwa kimejaa moshi.

Jumapili mwanangu mkubwa akafika na gari kutoka Rongai. Akasema amempatia mjukuu wangu nyumba ya maombi karibu na Illasit. Huko dawa hakuna, wanakufungia chumbani mpaka kutetemeka kuishe. Mtoto mchanga abaki na mimi.

"Mama, huo ni unga tu wameweka kwa kikombe. Utalea mlevi mpaka lini?"

Pengine ni kweli, mimi nitajuaje? Nilisoma mpaka darasa la pili tu. Nikachungulia nje. Huyu msichana aliwahi kuuza sufuria yangu ikiwa na githeri ndani, moto moto. Sasa alikuwa anaanika nepi, amesuka nywele, mrembo kama mimi nikiwa wa rika lake, na asubuhi hiyo alikuwa amenigombeza eti naweka chumvi nyingi.

"Mwambie apange nguo," mwanangu akasema.

"Huyu hatoki hapa."

"Lakini Mama, hata wewe hiyo dawa huielewi!"

"Siielewi."

"Basi unakatalia nini? Mwache aende!"

"Huyu hatoki hapa."