Nimekagua Chuo Kama Ng'ombe wa Mnadani

Leo mkuu wa chuo kaninyamazisha mimi, mzee nisiyenyamazishwa!

Mjukuu wangu Neema anataka kusomea udaktari wa mifugo, kwenye chuo kidogo cha binafsi hapa Dodoma mjini. Ada yake ni ng'ombe wangu wanne. Tumefika, nakuta vyumba vitatu tu!

Nikamwambia mkuu wa chuo, "Mama, mnadani hajazaliwa wa kunidanganya. Mimi sinunui ng'ombe wa maziwa mpaka nione ndama wake. Waliosoma hapa wako wapi?"

Neema akanifinya. "Babu, unaniaibisha!"

Mama wa watu akacheka. "Mzee unatoka wapi?"

"Kijiji cha Zuzu."

"Basi ndama wetu mmoja ndiye bibi mifugo wenu, anayewatibia ng'ombe huko kijijini."

Jamani!

Yule binti nilimfukuza zizini kwangu mwaka jana, nikamwambia akacheze na wenzake. Kesho yake ng'ombe wangu akashindwa kuzaa. Binti akarudi, akaingiza mkono, akatoa ndama mzima. Na hakuninunia!

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na wengine?"

"Wengi wanafanya kazi, mzee. Wengine bado wanahangaika, sikufichi."

Hapo ndipo aliponimaliza. Nimezeeka minadani, sijaona muuzaji anayetaja kasoro.

Nikamgeukia Neema: "Jumamosi tunauza wawili, wengine mwakani. Na utawaswaga mwenyewe, uone ada inavyotembea kwa miguu!"

Kacheka mpaka kalia.

Nyie wenye ng'ombe, semeni kweli. Mngeuza?